Shule ya Nyumbani na Simu ya Mkononi: Somo kwa Wazazi Tulio Ugenini



Wazazi wapendwa, somo la mwezi huu limetokana na swali la familia zetu ambazo hazikuja nasi hadi makazini bali zilibaki kule mpakani, Malaba, Busia na Tororo, zikifanya biashara ndogo ndogo. Wanasema watoto wao hukaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, au kwa kuwa wanahama kila nyumba ya kupanga inapopanda kodi. Katekista anafika mara chache. Simu wanayo. Wanauliza: je, mzazi anaweza kumfundisha mtoto dini na masomo nyumbani? Vitabu atavipata wapi? Na hiyo intaneti, aifungue au aifunge?

Swali hili ni letu sote. Wengi wetu tulivuka mpaka wa Malaba na Busia mwezi Januari na Februari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kuvurugika. Tulibeba mablanketi, sufuria, vitambulisho kwa waliobahatika. Vitabu vya watoto vilibaki katika nyumba zilizoungua. Kutoka mpakani tulipelekwa Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye mwaka huo huo wengi tukaletwa Kiryandongo. Katika miezi ile ya kungoja, mtoto aliyekuwa amebakiza wiki chache apokee Komunyo ya Kwanza alikaa bila mafundisho. Wapo waliokaa hivyo mwaka mzima, na wapo ambao hawakurudi tena darasani.

Kwa hiyo tulianza wenyewe. Jioni, mama mmoja alikuwa akichora herufi mchangani kwa kijiti, na baba mmoja aliyewahi kuwa katekista alikuwa akisimulia Injili kwa kichwa. Hatukuita kazi hiyo jina lolote. Leo tunajua kwamba ilikuwa shule.

Mwalimu wa kwanza

Mara nyingi mzazi mkimbizi husema, "Mimi sikusoma, nitafundisha nini?" Kanisa halikumwekea mzazi sharti la cheti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi, kwa kuwa ndio waliowapa watoto uhai, ndio walimu wao wa kwanza na wakuu. Papa Yohane Paulo II alirudia jambo hilo mwaka 1981 katika waraka wake juu ya familia, Familiaris Consortio, akieleza kuwa wajibu huo mzazi hawezi kumwachia mtu mwingine moja kwa moja. Shule na parokia humsaidia tu. Fungua pia Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Pale taifa lililo safarini linaagizwa kuwafundisha watoto neno la Mungu nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Watu wale hawakuwa na darasa wala dawati.

Tuelewane hapa lakini. Hatusemi mtoto aondolewe shuleni. Sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya mwaka 2013 zote zinafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na mtoto wa mkimbizi naye anahitaji cheti siku moja. Huko Marekani zipo familia nyingi za Kikatoliki zinazofundisha watoto nyumbani kwa hiari, na zina shule kamili zinazowatumia vitabu na mitihani kwa posta. Sisi hatukuchagua. Nyumba zetu zimekuwa shule kwa sababu hapakuwa na nyingine, au kwa sababu ile iliyopo haifiki kila mahali tunapofika.

Wala si sisi peke yetu. Uganda ilipofunga shule tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya korona, madarasa mengi hayakufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda unaotajwa kuwa mrefu kuliko wa nchi nyingine yoyote. Kenya ilikuwa imewarudisha watoto wote tangu Januari 2021. Pale Malaba mtu aliweza kuwa na mpwa wake ng'ambo ya mto anayevaa sare kila asubuhi, na wa kwake anauza ndizi kwa madereva wa malori. Wazazi waliokuwa wamezoea kukaa na daftari jioni hawakuyumba sana mwaka ule. Waliongojea serikali peke yake wengine walipoteza mabinti zao katika ndoa za mapema.

Watu wa Mityana

Tunapenda kuwakumbusha historia ambayo watoto wetu huisikia kila tarehe 3 Juni, lakini kwa upande wa moto tu. Tuutazame upande wa mafundisho.

Mapadre wa kwanza Wakatoliki walifika Buganda mwezi Februari 1879. Mwezi Novemba 1882 waliondoka kwa sababu ya hatari, wakaenda kusini mwa ziwa, na hawakurudi hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu bila padre, bila Misa, bila kitabu cha kutosha. Waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Nani alifundisha? Walei. Yosefu Mukasa Balikuddembe alifundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Kule Mityana, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na mfinyanzi Noa Mawaggali walijenga jumuiya iliyokutana katika nyumba za watu.

Na hao wa Mityana walikuwa na desturi moja tunayotaka muishike, maana somo letu lote limesimama juu yake. Misioni ilikuwa mbali, karibu kilomita 70. Haikuwezekana wote waende. Basi wachache walifunga safari kwa miguu, wakasikiliza mafundisho, wakayashika kichwani, wakarudi kuyarudia kwa wenzao waliobaki, pamoja na wanawake na watoto. Mmoja alikwenda kwa niaba ya wengi, na kilichofika nyumbani kilikuwa kimepita kwanza katika akili na moyo wa mtu mzima.

Kisha mwaka 1888 Wakristo wa Buganda walifukuzwa, wakakimbilia Kabula, upande wa Ankole. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Imani haikuzimika huko.

Intaneti ni kama mpaka

Sasa turudi kwenye simu. Anayeishi Malaba haitaji kuelezwa intaneti ni kitu gani. Ni kama mpaka. Yanapita malori ya mafuta, mahindi, dawa, vitabu. Na gizani, kwa njia za panya, yanapita magendo. Hakuna mwenye akili anayesema mpaka ufungwe kwa sababu ya magendo, maana wote tutakufa njaa. Lakini pia hakuna mzigo unaoruhusiwa kupita bila kufunguliwa na kutazamwa. (Tunaambiwa hata neno boda boda lilizaliwa katika mpaka wetu huu, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu kutoka kituo kimoja hadi kingine.) Mzazi ndiye afisa wa forodha wa nyumba yake. Makosa makubwa tuliyoyaona ni mawili: mzazi anayefunga mpaka kabisa, halafu mtoto anavukia kwa jirani, na mzazi anayempa mtoto simu yenye bando akaenda sokoni.

Kanisa lenyewe halikuikimbia intaneti. Mwezi Februari 2002 Vatikano ilitoa nyaraka mbili, moja juu ya Kanisa na intaneti, nyingine juu ya maadili katika intaneti, na mwaka huo huo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliifanya kuwa mada ya Siku ya Upashanaji Habari Duniani. Na kwa vijana wetu tunao sasa Mtakatifu Carlo Acutis, mvulana wa Italia aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alitumia kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa pia kwamba michezo ya kompyuta alijipangia saa moja tu kwa wiki. Waambieni watoto habari hii ya pili pamoja na ile ya kwanza.

Je, mzigo tuukague vipi? Tazama kwanza aliyeutuma. Kitabu cha katekisimu kilicho halali huwa na idhini ya askofu, iitwayo Imprimatur, katika kurasa za mwanzo. Kama faili uliyopakua haina jina la mwandishi, wala mchapishaji, wala idhini, mwonyeshe paroko kabla ya kumsomea mtoto. Halafu tazama kama linatia hofu. Ujumbe unaosema utume sala hii kwa watu kumi na wawili la sivyo utapatwa na msiba si sala, ufute. Kuna pia jambo jipya. Tangu Papa Leo XIV alipochaguliwa tarehe 8 Mei 2025, zimesambaa video nyingi zilizotengenezwa na kompyuta, zenye sura na sauti yake, zikisema maneno ambayo hakuyasema. Usiamini mahubiri ya Papa kwa sababu tu umemwona akitikisa midomo. Tafuta maneno hayo katika ukurasa wa Vatikano wenyewe.

Na zaidi ya yote, tazama kama linaomba pesa. Hapa tunaongea kwa uchungu. Familia moja ya kwetu ilipokea ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu, akiahidi ufadhili wa masomo ng'ambo kwa watoto wawili. Alituma picha za wanafunzi wenye sare na fomu yenye msalaba juu. Aliomba ada ya fomu, kisha ada ya daktari, kisha ada ya tiketi. Wakauza mbuzi wawili na cherehani. Namba ikazimwa. Yule binti mkubwa, aliyekuwa amekwisha kuwaaga wenzake darasani, aliona haya kurudi, na hakurudi muhula ule. Wazazi, huduma za UNHCR hazilipiwi, si usajili wala kuhamishiwa nchi ya tatu. Mwenye ufadhili wa kweli hamtozi mkimbizi ada kwa simu usiku. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usiufiche kwa kuogopa jirani atakuwahi. Ulete kwa jumuiya usomwe hadharani.

Tuchukue nini, na wapi

Kwa dini, anzeni na ukurasa wa Vatikano, vatican.va. Vatican News ina sehemu ya Kiswahili yenye habari za Kanisa na tafakari za Neno la Mungu za Dominika. Mzazi akisoma tafakari hiyo Jumamosi jioni, ana la kuwaambia watoto Jumapili hata kama padre hakufika. Wasio na bando wasikilize Radio Maria, inayosikika katika sehemu nyingi za Uganda, Kenya na Tanzania. Redio haili salio. Kwa vitabu vya kuchapwa, Masista wa Mtakatifu Paulo wa Nairobi, kupitia Paulines, wamekuwa wakitoa vitabu vya Kiswahili na Kiingereza kwa miaka mingi, na mara nyingi kijitabu kimoja kilichonunuliwa na jumuiya nzima ni rahisi kuliko bando la mwezi.

Vipo pia vitabu vya Wamarekani wanaosomesha nyumbani. Ni vizuri, ila vingi vinadhani kila nyumba ina kabati la vitabu, theluji dirishani na mama asiyekwenda kuchota maji. Msione aibu kwa kutoviweza. Chukueni njia, si vifaa. Kwa mfano, kuna njia ya kufundisha watoto wadogo iitwayo Katekesi ya Mchungaji Mwema, iliyoanzishwa Roma mwaka 1954 na Sofia Cavalletti pamoja na Gianna Gobbi. Mtoto husimuliwa mfano wa Injili, kisha huusogeza kwa mikono yake akitumia sanamu ndogo za mchungaji na kondoo. Sanamu hizo hata udongo wa mtoni unafaa, na watoto wetu wanafinyanga ng'ombe wazuri kuliko watu wengi wa Ulaya. Noa Mawaggali naye alikuwa mfinyanzi.

Kwa kusoma na kuandika, tafuteni African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Una hadithi fupi fupi za bure, zenye picha, kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi za kwetu. Kitabu kikishapakuliwa katika programu yake ya simu husomwa bila bando, na kinaruhusiwa kuchapwa. Hadithi hizo si za dini, lakini mtoto asiyejua kusoma hataisoma Injili pia.

Kwa masomo ya shule kuna jambo ambalo wazazi wa mpakani husahau. Mtoto aliyetoka Kenya akaingia Uganda amebadilisha mitaala. Kenya iliachana na KCPE, mtihani wa mwisho ukiwa wa mwaka 2023, na sasa mtoto humaliza Gredi ya 6 na kuingia sekondari ya chini. Uganda bado ina PLE mwishoni mwa P.7, yenye karatasi nne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kiswahili, ambacho ndicho nguvu ya watoto wetu, hakimo. Lakini maswali ya dini yamo, ndani ya ile karatasi ya maarifa ya jamii, na mtoto wa Kikristo huchagua yale ya Kikristo. Kwa hiyo mzazi anayemfundisha mwanawe Injili vizuri nyumbani anamtafutia pia alama. Mihtasari ya masomo ya Uganda hutolewa na NCDC, ya Kenya na KICD. Muombe mwalimu wa shule iliyo karibu akuonyeshe sehemu ya darasa la mwanao tu. Kitabu kizima cha muhtasari kitakutisha bure.

Namna ya kufanya

Sasa tufanye kama watu wa Mityana. Si lazima kila nyumba iwe na simu kubwa. Jumuiya ndogo ndogo ichague mtu mzima mmoja au wawili, wenye subira na macho mazuri, wachangiwe bando mara moja kwa wiki. Hao waende saiba au wakae mahali penye mtandao, wapakue kilichoagizwa na si kingine, wakisome wenyewe kwanza, kisha wakigawe. Simu kwa simu kwa Bluetooth haina gharama. Kilicho kifupi kipigwe fotokopi. Kilicho muhimu sana kinakiliwe kwa mkono katika daftari. Msicheke daftari. Kuanzia tarehe 13 Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku tano, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya hapo. Waliokuwa na masomo yote ndani ya simu walikaa bure, na wa daftari wakaendelea.

Simu ikimfikia mtoto, data iwe imezimwa. Akae pale mama anapopikia au baba anapoketi, si kitandani na blanketi juu ya kichwa. Nusu saa yatosha. Mtoto mkubwa asidanganywe kwamba intaneti yote ni ya shetani, kwa sababu ataifungua siku moja, aone mambo mazuri, aseme wazazi walikuwa waongo. Mwambieni ukweli: yapo mambo yatakayoharibu macho yako, na ukiyaona kwa bahati mbaya njoo useme, hutapigwa. Hilo la mwisho ni gumu kwetu tuliolelewa kwa kiboko. Lakini tumeshuhudia kijana aliyetishwa kwa picha na mtu asiyemjua mtandaoni akanyamaza miezi miwili kwa kumwogopa baba yake kuliko yule mhalifu.

Ratiba isiwe ndefu. Ishara ya msalaba, wimbo, mstari mmoja wa Injili unaorudiwa hadi mdogo kabisa aujue, kisha kusoma, kisha hesabu. Hesabu za sokoni zinafaa sana Malaba: shilingi ya Kenya kwa ya Uganda, kiwango cha leo, faida kiasi gani. Mkubwa amfundishe mdogo, maana anayefundisha hujifunza mara mbili. Siku ambayo mzazi amechoka kabisa, fumbo moja la rozari likisaliwa pamoja nalo ni somo. Na watoto wa majirani wasio wa dini yetu wakija kusikiliza hadithi, wakaribishwe kama tulivyokaribishwa sisi na wenyeji wa Tororo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

Katika nyumba yetu, ni nani hufungua mzigo kabla haujamfikia mtoto? Ni ujumbe gani wa dini tuliopokea mwezi huu ambao hatukujua umetoka wapi, na tulimtumia nani? Ni watoto wangapi wa jumuiya yetu waliokwama katikati ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza au Kipaimara kwa sababu ya kuhama, na walikomea wapi? Majina yao yaandikwe na kupewa katekista kabla ya Dominika ijayo. Mwisho, nani ana simu yenye nafasi, nani ana chaja ya sola, na nani ana mwandiko unaosomeka?